Je, ni kweli kuna vyakula vinavyoamsha umetaboli na kupunguza uzito?

Mama Pacha, Kinyerezi:

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba nieleze jambo langu kwa kirefu, kwa sababu kila nilipoliuliza kwa kifupi nilijibiwa kwa kifupi, na majibu hayo mafupi ndiyo yaliyonifikisha hapa nilipo.

Nina umri wa miaka 43, urefu wangu ni sentimita 160, na asubuhi ya leo mizani ilisoma kilo 84. Kiuno changu ni sentimita 101. Mwezi uliopita nilipima shinikizo la damu katika zahanati ya mtaani, likawa 142 kwa 91, na muuguzi akanisihi nipunguze mwili mapema. Marehemu mama yangu aliugua kisukari kwa miaka mingi na mimi ndiye niliyemuuguza, kwa hiyo maneno ya muuguzi yule yameniingia.

Kazi yangu ni ya uhasibu katika ofisi iliyopo Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili niwahi usafiri, na mara nyingi hurudi saa mbili usiku. Asubuhi hunywa chai ya maziwa kwa chapati mbili, saa nne hunywa chai nyingine, mchana hula wali na maharage au, siku nikiwa na haraka, chipsi mayai na soda moja. Jioni nyumbani tunakula ugali wa sembe kwa mchicha wa nazi au samaki wa kukaanga, kisha chai ya mwisho kabla ya kulala. Katika kila kikombe huweka vijiko vitatu vya sukari. Pombe situmii.

Tangu Januari nimekuwa nikinywa maji ya moto yenye ndimu na tangawizi kila alfajiri, na sikuona mabadiliko. Kisha mtu mmoja aliniuzia chai ya kukata mafuta, majani yaliyosagwa katika pakiti isiyo na maandishi yoyote, akanieleza kwamba kwa umri wangu umetaboli umelala na chai ile itauamsha. Kwa siku tisa nilipungua kilo 4, lakini niliharisha mfululizo, misuli ya miguu ikawa inakakamaa usiku, na moyo ukawa unanienda mbio hata nikiwa nimekaa. Nilipoiacha, kilo zote 4 zilirudi ndani ya wiki mbili. Sasa nimepewa orodha nyingine: pilipili, chai ya kijani, mdalasini, siki ya tufaha, mbegu za chia na parachichi.

Ninachoomba ni ukweli. Je, vipo vyakula vinavyoamsha umetaboli? Je, ni kweli kwamba baada ya miaka 40 mwili huacha kuchoma chakula? Na kama orodha hiyo haina maana, nile nini kinachopatikana sokoni kwa bei ya mtu wa kawaida?

Afisa Lishe, Temeke:

Mama Pacha, pole sana kwa yaliyokupata, na asante kwa kuweka vipimo vyako wazi, kwa kuwa bila hivyo mtu angeweza tu kubahatisha.

Nianze na neno lenyewe, maana limekuwa likitumika vibaya. Wengi wakisema umetaboli huwa na maana ya mmeng'enyo, yaani kazi ya tumbo na utumbo ya kuvunjavunja chakula. Umetaboli ni mpana zaidi: ni jumla ya kazi zote za kikemia ambazo mwili hufanya ili kugeuza chakula kuwa nguvu, kujenga na kukarabati viungo, na kuendelea kuishi. Kwa mtu ambaye kazi yake ni ya kukaa, kama asilimia 60 hadi 70 ya nguvu anayotumia kwa siku hutumiwa na mwili ukiwa umetulia, kwa sababu ubongo, ini, moyo na figo havipumziki hata tukiwa tumelala. Takribani asilimia 10 hutumika kushughulikia chakula tulichokula, na kinachobaki ni cha kutembea, kufua, kupanda ngazi na mazoezi. Umetaboli uliolala, kwa maana aliyokueleza muuzaji wako, ungekuwa ni mwili uliokufa.

Kuhusu umri, mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wa siku chache hadi wazee wa miaka 95. Ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli vilipozingatiwa, matumizi ya nguvu yalibaki karibu palepale kuanzia miaka 20 hadi 60, ndipo yakaanza kushuka polepole. Mwili wako wa miaka 43 haujaacha kuchoma chakula, na kwa kuwa ni mkubwa unatumia nguvu nyingi zaidi kuliko ungekuwa na kilo 60. Kinachobadilika katika umri wetu ni maisha yenyewe: tunakaa zaidi, misuli inapungua kwa kutotumika, na tunalala saa chache. Mtu anayeamka saa kumi usiku na kulala saa tano ana usingizi wa saa tano tu, na imethibitika kwamba usingizi mchache huongeza njaa, hasa hamu ya vyakula vitamu na vya mafuta. Ningekuomba ulifikirie hilo kwa uzito uleule unaoufikiria mlo.

Sasa orodha yako. Pilipili, chai ya kijani na kahawa huongeza kweli matumizi ya nguvu, lakini kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi, kiasi ambacho nusu ya andazi inaweza kukifuta. Ndimu na mdalasini havichomi mafuta ya mwilini, ingawa vinafaa kuongeza ladha mahali pa sukari au chumvi. Siki ya tufaha haina ushahidi wa kutosha, na ikinywewa bila kuchanganywa na maji mengi hula tabaka la nje la meno. Mbegu za chia zina nyuzinyuzi nyingi, lakini nyuzinyuzi hizo unaweza kuzipata katika maharage na mboga kwa bei nafuu zaidi. Parachichi ni chakula bora, ila gramu 100 zake zina takribani kalori 160, kwa hiyo nusu yake ilikuwa iingie mahali pa mafuta mengine, wakati wengi huiongeza juu ya mlo uliokwisha kujaa.

Kitu kimoja ambacho kwa hakika kinaugharimu mwili nguvu kukishughulikia ni protini. Katika kila kalori 100 za protini unayokula, mwili hutumia kati ya 20 na 30 kuivunja na kuipanga upya, wakati wanga hutumia 5 hadi 10, na mafuta 0 hadi 3. Hata hivyo sikushauri kuishikilia hesabu hiyo peke yake, kwa sababu faida kubwa zaidi ya protini ni kwamba hushibisha muda mrefu na hulinda misuli wakati uzito unashuka. Mtu anayejinyima chakula chote bila kujali protini hupoteza mafuta pamoja na misuli. Uzito ukirudi, mara nyingi kinachorudi zaidi ni mafuta.

Ukiniuliza wapi, nitakupeleka sokoni kabla ya dukani. Dagaa wakavu ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina karibu gramu 9 za protini na nyuzinyuzi zisizopungua gramu 6. Yai moja lina takribani gramu 6 za protini kwa kalori 70 hivi. Choroko, kunde, mbaazi, vibua na mtindi usiotiwa sukari vimo humo humo. Kwa upande wa mboga, mchicha, tembele, kisamvu, bamia, nyanya chungu na mlenda hujaza tumbo kwa kalori chache mno, mradi mafuta na nazi visizizidi mboga zenyewe.

Niutazame mlo wako wa siku, kwa kuwa jibu limo mle. Vijiko tisa vya sukari ni kama gramu 36, na soda ya chupa ya mililita 350 mara nyingi huongeza nyingine 35 hivi. Hizo ni gramu 70, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na inapowezekana iwe nusu ya hapo. Chapati moja ya kukaanga inaweza kubeba kalori 250 hadi 300. Viazi vya kuchemsha vina kama kalori 87 kwa gramu 100, lakini vikigeuka chipsi hufika karibu 300, na tofauti hiyo ni mafuta yaliyoingia na maji yaliyotoka. Mnyonge mmoja katika mlo wako ni maharage ya mchana, ambayo pengine ni vijiko vitatu juu ya kilima cha wali. Pindua uwiano huo. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na kachumbari, robo iwe maharage, samaki au nyama isiyo na mafuta, na robo iwe wali au ugali.

Kuhusu ugali, dona ina nyuzinyuzi zaidi kwa sababu pumba na kiini havikuondolewa, lakini kalori zake hazipishani sana na za sembe, hivyo tonge kubwa la dona bado ni tonge kubwa. Zingatia pia mahindi yametoka wapi. Kwa sumukuvu watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kwa kuwa dona husagwa punje nzima, mahindi yaliyoota ukungu au kuhifadhiwa na unyevu yasisagwe kabisa.

Muuza Chakula, Ilala:

Mwanangu Mama Pacha, mimi nimepika chakula cha kuuza kwa miaka 22, na ningependa kuongeza yale ambayo mtaalamu hawezi kuyaona akiwa upande wa pili wa meza.

Mteja anaponiambia anapunguza mwili, mara nyingi huniomba nimpunguzie wali lakini nimwongezee mchuzi. Mchuzi ndipo mafuta yalipo. Mafuta huelea, na upawa unaochota juu ya sufuria huchota mafuta kwanza. Mwambie anayekupakulia achote chini, au akuwekee maharage yaliyochujwa mchuzi. Hakuna mpishi mwenye busara atakayekasirika, kwa kuwa maombi hayo tunayapata kila siku kutoka kwa watu wenye presha na kisukari.

Nyumbani, usipime mafuta kwa kumimina. Dumu likiinamishwa juu ya karai, mkono hauna kipimo. Chukua kijiko cha chakula na uhesabu: vijiko viwili vinatosha kuunga mchicha wa watu watano kama kitunguu kimekaangwa kwa moto mdogo na nyanya zimewekwa mapema zitoe maji yake. Samaki si lazima wakaangwe. Changu au kibua akipikwa chukuchuku kwa ndimu, kitunguu, nyanya, tangawizi na pilipili mbuzi ana utamu ambao mafuta huuficha, ila awe ametoka soko la samaki la Feri asubuhi hiyo, maana samaki aliyelala hapikiki chukuchuku.

Suala la nazi najua litakuwa gumu, kwa sababu watu wa pwani tunaona mboga isiyo na nazi haijapikwa. Sisemi uiache. Kasimile, yaani tui la kwanza, ndiyo nzito, na tui la pili ni jepesi. Pika kwa tui la pili, kisha mwishoni tia vijiko viwili tu vya kasimile kabla ya kuepua, na harufu itakuwepo yote. Kasimile iliyobaki isitiwe kwenye wali wa siku hiyo hiyo, kwa sababu wali wa nazi na mboga ya nazi ni nazi mara mbili katika sahani moja.

Kwa asubuhi, waulize wanaouza supu. Kibakuli cha supu ya samaki, au ya kuku aliyeondolewa ngozi, kwa kipande cha muhogo wa kuchemsha au ndizi mbili za kuchemsha, kitakufikisha saa saba mchana, jambo ambalo chapati mbili na chai ya sukari haziliwezi. Mayai mawili ya kuchemsha kutoka kwa vijana wanaoyauza na kachumbari yanafaa pia, lakini chumvi ile ya kunyunyizia uikatae.

Mfamasia, Magomeni:

Dada, naomba nizungumzie ile chai peke yake, kwa sababu dalili ulizoandika zimenitia wasiwasi.

Bila kuiona pakiti siwezi kusema ndani yake mlikuwa na nini. Hata hivyo mchanganyiko wa aina hiyo mara nyingi huwa na sanamaki, majani ambayo tangu zamani hutumika kama dawa ya kufungua choo. Sanamaki hufanya kazi katika utumbo mpana, wakati sehemu kubwa ya wanga, protini na mafuta huwa imekwisha kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji, choo na madini, wala mafuta ya mwilini hayaguswi. Madini muhimu yanayopotea ni potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli hukakamaa na mapigo ya moyo huvurugika, hali ambayo kwa mtu mwenye shinikizo la juu la damu inaweza kuwa ya hatari. Hiyo ndiyo maana kilo 4 zilirudi haraka: uliyopoteza yalikuwa maji, na mwili uliyarudisha mara ulipopata nafasi. Hata mtu anayekata wanga ghafla hupungua haraka wiki ya kwanza kwa sababu inayofanana, kwani akiba ya wanga katika ini na misuli hushikilia maji kama mara tatu ya uzito wake.

Kuna jambo zito zaidi. Dawa iitwayo sibutramini, iliyokuwa ikiandikwa na madaktari kupunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo imekuwa ikikutwa, bila kuandikwa, ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba ya kupunguza uzito katika nchi nyingi. Mapigo ya moyo kwenda mbio ukiwa umekaa ni mojawapo ya dalili zake. Kama pakiti bado unayo usiitupe. Ipeleke kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na umweleze daktari kwamba uliitumia. Vidonge vya dondoo ya chai ya kijani navyo viogopwe, kwani vimewahi kuhusishwa na madhara ya ini. Chai ya kawaida ya kijani katika kikombe haina shida hiyo.

Shinikizo la 142 kwa 91 linapaswa kupimwa tena katika siku tofauti kabla ya kuitwa ugonjwa, lakini usilisubirishe. Omba pia kipimo cha sukari kabla ya kula, kwa historia ya mama yako, na kama una uchovu usioisha, unahisi baridi wakati wenzako wanahisi joto, au hedhi imebadilika, daktari anaweza kupima homoni za tezi ya shingo, maana tezi hiyo ikizembea uzito huongezeka kweli. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyomo kwenye vidonge vya kuungia mchuzi. Na kwa wengine mnaosoma hapa ambao mnatumia dawa za kisukari kama insulini au glibenklamidi, msipunguze wala kuruka milo kabla ya kuzungumza na daktari wenu, kwa sababu sukari inaweza kushuka hadi mtu akazimia.

Mkimbiaji wa Msasani:

Dada yangu, naheshimu yaliyosemwa, lakini nadhani chakula kimepewa sifa kubwa mno. Mimi nina kilo 75 na kila Jumamosi na Jumapili hukimbia kilomita 5 kuanzia Coco Beach. Ninakula chipsi na mishikaki nikimaliza, na uzito wangu haujapanda kwa miaka mitatu. Ningekushauri uanze na viatu vya kukimbilia, na chakula kitajipanga chenyewe.

Afisa Lishe, Temeke:

Kaka, kukimbia kwako kuna faida kubwa na ningependa wengi wakufuate, lakini sikubaliani na ushauri huo kwa mtu anayetaka kupungua. Mtu hutumia takribani kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita anayokimbia, kwa hiyo kilomita zako 5 ni kama kalori 375, na sahani moja ya chipsi inaweza kuzirudisha zote. Wewe hupandi uzito, na hiyo ni heri, ila pia hupungui.

Ushahidi unaonigusa zaidi umetoka hapa kwetu. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliopima matumizi ya nguvu ya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kilomita nyingi kila siku wakiwinda, kuchimba mizizi na kutafuta asali. Watafiti walitegemea kuona wanachoma kalori nyingi kuliko watu wa mijini wa Marekani na Ulaya. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, matumizi yao kwa siku yalikuwa karibu sawa. Mwili unaonekana kuwa na namna ya kubana matumizi mahali pengine pale kazi inapoongezeka, na ndiyo sababu kutembea peke yake hakupunguzi uzito kwa kasi tunayoitarajia.

Mama Pacha bado anahitaji kutembea, kwa ajili ya shinikizo la damu, sukari, misuli na kuzuia kilo zisirudi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwa mtu wa Posta kushuka kituo kimoja kabla na kutembea ni mwanzo mzuri. Mtu mwenye kilo 84 ambaye hajazoea asianze kwa kukimbia, kwani magoti yanaweza kumkwamisha mapema.

Jambo jingine linahusu umbali kati ya shamba na sahani. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 katika kituo kimoja kwa wiki nne. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana, na kwa wiki mbili vyakula vya kawaida, wakiruhusiwa kula watakavyo, huku sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zilizoandaliwa mezani zikilinganishwa. Katika wiki za vyakula vya viwandani walikula takribani kalori 500 zaidi kwa siku bila wao kukusudia. Mboga za Ilala na kunde za Tandale zinatupa ulinzi huo bila gharama ya ziada, na inaniuma kuona tunauacha kwa ajili ya soseji na biskuti.

Mama Pacha, Kinyerezi:

Nawashukuru wote, na mama wa Ilala nakushukuru kipekee, kwa sababu jana nilipika kwa tui la pili na watoto hawakuuliza kitu. Pakiti ninayo bado na nitaipeleka.

Naomba ufafanuzi wa mambo mawili. Nyumbani tuko watano na dumu la lita 5 za mafuta hutuishia kwa wiki tatu. Je, hilo ni tatizo? La pili, nitegemee kupungua kiasi gani kwa mwezi, ili nisije nikavunjika moyo au nikadanganywa tena na mtu mwenye ahadi za haraka?

Afisa Lishe, Temeke:

Lita moja ya mafuta ya kupikia ina takribani kalori 8,200. Lita 5 zikigawanywa kwa watu watano na siku 21, kila mmoja anapata kama kalori 390 za mafuta kwa siku, kabla hujahesabu nazi, chapati za asubuhi na chipsi za mchana. Baadhi hubaki kwenye karai na kumwagwa, lakini bado ni nyingi. Dumu hilo likifika wiki sita, kila mtu atakuwa amepunguza karibu kalori 195 kwa siku, na hakuna atakayelala njaa. Andika tarehe ya kulifungua kwa kalamu ubavuni mwa dumu, kwa sababu mizani hubadilika kila siku kwa maji na chumvi, lakini tarehe ile itakuonyesha kama mabadiliko ya jikoni yanashika.

Kuhusu kiasi, nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na zipo wiki ambazo mizani haitasogea kabisa. Asilimia 5 ya uzito wako ni kilo 4 na kidogo, na kuanzia hapo, hadi asilimia 10, ndipo shinikizo la damu na sukari huanza kuonyesha nafuu kwa watu wengi, hata kama gauni la zamani bado halijakutosha. Pima kiuno pia kila baada ya wiki nne, asubuhi kabla ya kula. Kwa mwanamke, sentimita 88 ndio mpaka ambao juu yake hatari ya maradhi huongezeka sana, kwa hiyo una sentimita 13 za kushughulikia, na nguo za kiunoni zitakueleza kabla ya mizani.

Ukienda kupima shinikizo wiki ijayo, beba daftari lenye milo yako ya siku tatu, ikiwemo ya siku moja ya mwisho wa wiki. Daktari au afisa lishe wa kituo chako ataweza kukushauri kwa mlo unaoula kweli.

Mama Pacha, Kinyerezi:

Nimekwishaandika tarehe kwenye dumu. Sukari nimeanza kwa kijiko kimoja na nusu, na soda nimeiacha tangu juzi, nabeba maji ya kunywa kutoka nyumbani. Jumatano ninakwenda kupima, na nitarudi kuwaandikia majibu ya sukari na shinikizo yakiwa yametoka.